Docx, odt au PDF? Ulinganisho kutoka meza ya steshenari Moshi

Mwezi wa kukabidhi tasnifu ukifika, steshenari yangu hapa karibu na stendi ya Moshi huwa na foleni tangu saa moja na nusu asubuhi. Mwaka jana alikuja kijana mmoja, flashi inaning'inia shingoni, na ndani yake faili lililoandikwa "TASNIFU mwisho kabisa 3".

"Dada, ni kurasa 84. Nitolee nakala nne, uzibaindi kabisa."

Nikalifungua. Kompyuta yangu ikahesabu kurasa 91. Orodha ya yaliyomo ilisema sura ya nne iko ukurasa wa 47, nayo ilikuwa imekaa wa 52. Jedwali moja lilikatika kiunoni, kichwa kikabaki ukurasa mmoja na mwili ukahamia mwingine. Kijana akanitazama kama vile nimemwibia.

"Umelifanyaje, dada?"

Sikuwa nimelifanya kitu. Yeye aliandikia kwenye Word mpya, kwa fonti ambayo mashine yangu haikuwa nayo, na mimi nilifungulia kwenye LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia. Faili lilikuwa zima. Kilichobadilika ni mkono ulioliandaa upya.

Tangu hapo mtu akiniuliza fomati ipi ni nzuri, na mimi humuuliza: nani atalishika faili baada yako, na atalifanya nini? Atalisahihisha, atalisoma tu, au atalitunza kabatini miaka 20? Majibu hayo matatu yana fomati tatu tofauti, na balaa nyingi ninazoziona hapa mezani hutokana na mtu kutumia moja kwa kazi zote.

Docx na odt: mchuano wenyewe

Hawa wawili ndio wa kulinganisha kwa kina.

Docx ililetwa na Word 2007 kuchukua nafasi ya doc, fomati ya Word za zamani. Undani wake ulichapishwa kama kiwango cha Ecma, chama cha kutunga viwango vya kompyuta, Desemba 2006, na ISO, shirika la viwango la kimataifa, ikaupokea mwaka 2008 kwa namba 29500. Odt ilitangulia kidogo: OASIS, watunga viwango wengine, waliipitisha OpenDocument, familia ya fomati ambamo odt imo, Mei 2005, na ISO ikaipokea mwaka 2006 kwa namba 26300. Nazitaja namba hizi kwa sababu wateja wangu wengi wanaamini docx ni siri ya Microsoft na odt ni kitu cha mafundi wa kompyuta wenye ndevu. Zote mbili ni viwango vilivyochapishwa, na mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuandika programu ya kuzisoma.

Hata kwa umbo ni ndugu. Kila moja ni mfuko wa zipu. Kama huamini, nakili faili lako moja la docx, badilisha mkia wa jina uwe zip, kisha lifungue. Utakuta folda inayoitwa word, ndani yake kuna document.xml yenye maneno yako yote, na kando yake folda ya media yenye picha. Kwenye odt utakuta content.xml na styles.xml. Si mchezo wa watoto huu. Kuna mama aliwahi kuniletea ripoti ya mradi iliyogoma kufunguka kwa sababu flashi ilichomolewa kabla haijamaliza kuandika. Nililipasua faili kama zipu, picha zikawa zimeharibika, lakini maneno yakatoka. Haiwezekani kila mara. Ila kwa doc ya zamani nisingejua hata nianzie wapi.

Sasa kwa nini ndugu hawa wanasumbua wakienda ugenini? Kwa sababu faili la docx, na la odt vilevile, halibebi kurasa. Linabeba maagizo: aya hii iwe na ukubwa wa 12, nafasi ya mstari moja na nusu, pambizo sentimita mbili na nusu. Mstari ukatike wapi na ukurasa uishe wapi, hayo huamuliwa na programu kila inapolifungua. Ni sawa na kumpa mtu maelekezo ya kupika mtori. Ndizi ni zilezile na nyama ni ileile, lakini wa Machame na wa Rombo hawatakupakulia bakuli moja.

Kwa docx kuna jambo la ziada. Kiwango chake kina lahaja mbili, moja kali na moja ya mpito, na Word, usipoiambia vingine, husevu kwa ile ya mpito, ambayo imebeba mizigo mingi ya Word za miaka ya nyuma. Programu nyingine kama LibreOffice, Google Docs na WPS zikitaka kuonyesha docx sawasawa, hazitoshelezwi na kilichoandikwa kwenye kiwango. Inabidi ziige pia tabia za Word. Aya za kawaida, majedwali ya kawaida na tanbihi huigwa vizuri. Panapochubuka ni kwenye masanduku ya maandishi yanayoelea juu ya ukurasa, michoro ya mishale na visanduku iliyotengenezwa ndani ya Word, maandishi ya mapambo, na orodha zenye namba za ngazi tatu nne.

Odt nayo nyumbani kwake ni LibreOffice. Word imeweza kuifungua na kuisevu tangu nyongeza ya pili ya Office 2007, iliyotoka mwaka 2009. Lakini ukiisevu kwa Word utaona onyo kwamba baadhi ya mambo yanaweza kupotea. Watu hulibofya onyo hilo bila kulisoma, kama wanavyopita kibao cha "usitupe takataka hapa".

Hukumu yangu ni hii. Kama faili litapita kwa watu mbalimbali wanaolisahihisha kwa zamu (msimamizi wa tasnifu, mwenyekiti wa kamati, binamu aliyeko Dar), tumia docx. Siisifii ubora. Docx ndiyo inayopokelewa kila mahali hapa mjini: simu za vijana, kompyuta za ofisini, barua pepe za wahadhiri. Kwa simu zinazoletwa hapa dukani, odt ndiyo mara nyingi humwacha mwenye simu akiuliza "hii ni nini tena?" Lakini kama ofisi nzima ni yako na mashine zote zina LibreOffice, ambayo haidai leseni, kaa kwenye odt na usihangaike. Kuilazimisha LibreOffice isevu docx kila siku, wakati hakuna Word hata moja mlangoni pako, ni kuongea Kiingereza na mkeo chumbani.

Kibaya kuliko vyote ni kwenda na kurudi. Leo unahariri kwa Word, kesho LibreOffice, keshokutwa kwenye simu kwa WPS, halafu unarudi Word. Kila programu ikisevu huliandika faili upya kwa namna yake, na isichokielewa inaweza kukiacha njiani. Baada ya mizunguko mitano unakuta namba za sura zimeanza tena kutoka moja, na hakuna anayejua nani alizivunja. Chagueni programu moja ya kuhariria. Wengine waandike maoni tu.

Fonti ndiyo mchawi wa nusu ya kesi

Nirudi kwa yule kijana wa kurasa 84. Tulipokaa kuchunguza, tulikuta aliandika kwa Aptos, fonti ambayo Microsoft waliitangaza mwaka 2023 kuwa chaguo jipya la kuanzia kwenye Word, mahali pa Calibri iliyokuwepo tangu 2007. Mashine yangu haikuwa nayo, ikaweka fonti nyingine iliyo pana kidogo. Kila mstari ukisukuma neno moja chini, kwenye tasnifu nzima zinapatikana kurasa saba.

Waliotengeneza LibreOffice walilifikiria hili kwa fonti za zamani. Inakuja na Liberation Serif, ambayo kila herufi ina upana uleule wa Times New Roman, na Liberation Sans iliyopimwa kwa Arial. Kuna pia Carlito kwa ajili ya Calibri na Caladea kwa ajili ya Cambria. Sura zinatofautiana kidogo ukikaza macho, lakini mistari inakatika palepale. Kwa hiyo faili linalosafiri liandike kwa Times New Roman au Arial. Najua zinachosha. Mhadhiri naye amezichoka, lakini bado anazitaka.

Ukiwa na fonti ambayo huwezi kuiacha, labda ya nembo ya kampuni, Word ina sehemu ya kuipachika fonti ndani ya faili. Iko kwenye machaguo ya kusevu. LibreOffice nayo inayo, kwenye sifa za faili, kichupo cha fonti. Faili litanenepa, lakini litafika na nguo zake.

Kosa la pili la kijana lilikuwa la mikono. Kila alipotaka sura mpya ianze ukurasa mpya, alibonyeza Enter mpaka mshale ukashuka. Mahali pamoja nilihesabu 14. Fonti ikibadilika hizo Enter zinageuka pengo katikati ya ukurasa. Ctrl na Enter kwa pamoja hukata ukurasa kwenye Word, LibreOffice na hata Google Docs, na mkato huo hausogei. Vichwa vya sura navyo vipewe mtindo wa kichwa kutoka kwenye orodha ya mitindo, si kukoleza wino na kuongeza ukubwa. Hapo orodha ya yaliyomo inajitengeneza yenyewe, na popote faili litakapofunguliwa unaisasisha kwa kubofya mara moja. Kijana alikuwa ameiandika orodha yake kwa mkono, na nukta zote akaziweka moja moja.

Kwa wenye tasnifu: marejeo

Hapa niongee na wanaotumia Zotero kuweka marejeo, maana maumivu yake hayaonekani mpaka wiki ya mwisho.

Ndani ya Word, Zotero huyaweka marejeo kwa namna moja. Ndani ya LibreOffice huyaweka kwa namna nyingine, na hiyo ya LibreOffice hudumu kwenye odt tu. Ukisevu kama docx, maneno ya marejeo yanabaki yakionekana, "(Mushi, 2019)" liko palepale, lakini uzi unaoliunganisha na maktaba yako umekatika. Siku msimamizi akisema ubadilishe mtindo wa marejeo, utaanza kuyabadilisha moja moja kwa mkono. Zotero ina njia halali ya kuhama: kuna chaguo la kubadilisha programu ya kuandikia, ambalo huyageuza marejeo yote kuwa maandishi ya muda, unalihamisha faili, halafu unayarudisha upande wa pili. Kuna pia hali ya alamisho (bookmarks) inayovumilia programu zote mbili, lakini ni dhaifu, ukihariri vibaya inavunjika, na haikai kwenye tanbihi za chini ya ukurasa.

Kwa hiyo mwenye Zotero aamue mapema, siku ya sura ya kwanza. Ukianza na LibreOffice, odt ndiyo nyumba ya tasnifu mpaka mwisho. Msimamizi mpelekee nakala ya docx aweke maoni, wewe uyahamishie kwenye odt yako kwa mkono. Inachosha, lakini inachosha mara chache.

PDF: chakula kilichokwisha pikwa

PDF ilitoka Adobe mwaka 1993 na ikawa kiwango cha ISO mwaka 2008. Tofauti yake na wale ndugu wawili ni kwamba hii inabeba kurasa zenyewe: herufi hii ikae hapa, mstari ule pale, na kwa kawaida fonti zake zimo ndani. Nikiprinti PDF yako, kurasa 84 zinabaki 84. Laiti kila mteja angekuja na PDF ya kuprinti, ningekuwa nafunga duka saa kumi na moja.

Bei yake ni kwamba haihaririki kwa raha. Programu za kuigeuza PDF iwe docx zipo, nami huzitumia mtu akinililia, lakini zinabahatisha: kila mstari unaweza kuwa aya, majedwali yanakuwa masanduku. Mtu asikuahidi vinginevyo. Kwa hiyo PDF ni ya kutolea nje. Faili la asili usilifute kamwe. Nimeona katibu wa kikundi cha vikoba akifuta docx "ili kupunguza msongamano", akabaki na PDF, na mwaka uliofuata tukaichapa katiba upya yote kwa sababu kiingilio kilipanda.

Barua za maombi ya kazi ziende PDF bila mjadala. Tovuti nyingi za maombi hazipokei kingine. Na kuna jambo la aibu kidogo. Docx na odt huhifadhi ndani yake jina la aliyeliunda faili. Wateja wengi hupenda kunakili barua ya mwenzao na kubadilisha maneno, na barua mama ilichapwa hapa kwangu. Basi nusu ya maombi ya kazi ya mtaa huu, ukifungua sifa za faili, mwandishi ni mimi. Jina hilo linaweza kupenya mpaka kwenye PDF pia, kwa hiyo libadilishe kabla hujatoa. Maoni na masahihisho yanayofuatiliwa nayo yakubali au yakatae kwanza. Kuna mtu alimpelekea mpangaji mkataba wa pango wenye maoni pembeni: "huyu tumpandishie, anaonekana ana hela."

Kampuni za kupandisha watalii mlimani nazo huja kwangu na ratiba za kutuma kwa wageni, siku saba njia ya Machame, picha ya kilele na mita 5,895 juu kabisa. Hizo ni PDF, kwa kuwa zina picha nyingi na mpangilio wa kupendeza. Ila mgeni wa Marekani hutumia karatasi yao ya Letter, milimita 216 kwa 279, na yetu ya A4 ni 210 kwa 297. Akiiprinti bila kuipunguza, chini kunakatika, na chini ndipo mnapoweka bei na jinsi ya kulipa. Acheni pambizo pana.

Kwa kutunza kuna PDF/A, iliyopewa kiwango cha ISO mwaka 2005. Ni PDF iliyokatazwa anasa: fonti lazima ziwe ndani, nywila hairuhusiwi, sauti na video hazimo. Word na LibreOffice zote zina kisanduku cha kuichagua wakati wa kutoa PDF. Serikali ya Uingereza, Julai 2014, ilipochagua viwango vya nyaraka zake, iligawa kwa mtindo ninaousema: za kuhaririwa kwa pamoja ziwe OpenDocument, za kusomwa tu ziwe PDF/A au HTML, yaani kurasa za wavuti. Sisi wa Moshi tutaweka docx panapohitajika, lakini mgawanyo wenyewe ni huohuo.

Waliobaki, kwa haraka

Doc, ile ya Word 97 mpaka 2003, bado inafunguka karibu kila mahali. Hakuna sababu ya kutengeneza mpya. Pia inaweza kubeba makro, yaani programu ndogo zinazoweza kuficha virusi, ndani yake bila jina la faili kukuonya, wakati docx haiwezi kuzibeba. Zenye makro huitwa docm. Mtu asiyejulikana akikutumia doc leo, jiulize kwa nini.

Rtf ni ya Microsoft tangu 1987, na toleo lake la mwisho, 1.9.1, lilitoka 2008. Kwa barua isiyo na picha inasafiri vizuri ajabu. Ukiweka picha, huandikwa kwa tarakimu za maandishi zinazochukua nafasi maradufu. Picha ya MB 1 inakuwa 2, na wakati mwingine inahifadhiwa mara mbili kwa sura tofauti. Na WordPad, programu ndogo iliyokuwa ikifungua rtf kwenye Windows, iliondolewa kwenye Windows 11 ya mwaka 2024.

Maandishi matupu, txt, yanafunguka hata kwenye simu ya kitochi yenye kisoma faili. Kwa Kiswahili kuna mtego mmoja tu: ng'. Word hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na faili likisevwa kwa usimbaji mmoja (namna ya kugeuza herufi kuwa namba) na kufunguliwa kwa mwingine, ng'ombe wako anarudi akiwa "ngâ€™ombe". Chagua UTF-8 pande zote mbili. Wanaoandika Kimaasai chenye ɔ na ɛ wasisahau hilo hata kidogo.

Google Docs si fomati. Hilo nimelieleza mara nyingi kuliko bei ya kopi. Maandishi yako yako kwenye mitambo ya Google, na lile faili dogo lenye mkia wa gdoc linaloonekana kwenye laptopu ni kiungo tu. Ukilinakili kwenye flashi umebeba anwani, nyumba umeiacha. Mtandao ukiwa chini siku hiyo, huna kitu. Pakua docx au PDF kabla hujatoka nyumbani. Ukiamua kuhariri docx ndani ya Google Docs bila kuigeuza, inawezekana, na jina lake litaendelea kuonyesha alama ya docx.

Faili la Pages kutoka kwenye Mac: tafadhali, litoe kwanza kama docx au PDF. Mimi siwezi kulifungua, na jirani yangu hawezi pia.

Nikikukalisha kwenye benchi

Hivi ndivyo ninavyomwelekeza mteja, kwa ufupi:

| Kazi | Ya kuhariria | Ya kutuma au kuprinti | Angalia |
|---|---|---|---|
| Tasnifu | docx kwa Word, au odt kwa LibreOffice. Moja tu | PDF | fonti, marejeo ya Zotero |
| Barua ya kazi na wasifu | docx | PDF | jina la mwandishi ndani ya faili |
| Muhtasari wa kikao | odt au docx, programu iliyopo ofisini | PDF/A | jina la faili liwe na tarehe |
| Ratiba ya watalii | docx au programu ya usanifu | PDF | A4 na Letter |
| Tangazo fupi la WhatsApp | maandishi ndani ya ujumbe | PDF ya ukurasa mmoja | litumwe kama dokumenti |

Hilo la mwisho linahitaji neno. Watu hupiga picha kioo cha kompyuta na kuituma WhatsApp, halafu wanakuja niiprinti ukubwa wa A4. WhatsApp huibana picha. Herufi zinatoka kama zimeoshwa na mvua ya Mei. Ukituma faili kama dokumenti linafika kama lilivyo.

Mgumu zaidi kumshauri alikuwa mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi cha kahawa huko juu. Huku ushirika una mizizi mirefu, KNPA, chama cha wakulima wa kahawa, ilianza 1925 na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika, ikafuata 1933, na wazee hawa wanajua maana ya kumbukumbu. Alikuwa na masharti ya chama yaliyofanyiwa marekebisho, kompyuta moja ya ofisi yenye LibreOffice, na mjumbe mmoja kijana mwenye Word.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kitu ambacho mrithi wangu atakifungua, akitaka kubadilisha abadilishe, na asiyetakiwa kukibadilisha akisome tu."

Alikuwa ametaja kazi zote tatu kwa sentensi moja. Nikamtengenezea kitu ambacho wengi hawakijui. LibreOffice, unapotoa PDF, ina kisanduku cha PDF mseto: inapachika faili lote la odt ndani ya PDF. Ukilifungua kwa kisomaji chochote, hata kwenye simu, unaona PDF ya kawaida. Ukilifungua kwa LibreOffice, linakuja odt kamili, mitindo na majedwali yote, unahariri kama kawaida. Faili moja, sura mbili.

Nilimwambia na kasoro zake. Yule kijana mwenye Word hataiona odt iliyofichwa humo, atapelekewa docx yake kila linapokuja suala la masahihisho, na masahihisho yatarudishwa kwa katibu, asisevu mwenyewe juu ya lile la chama. Na PDF mseto si kufuli. Asiyetakiwa kubadilisha, akiwa na LibreOffice, anaweza. Kwa hiyo nakala iliyopitishwa na mkutano inaprintiwa, inasainiwa na kupigwa muhuri, na hiyo ndiyo ya kubishania.

Mzee akafikiri. Akaomba faili liitwe "masharti" likifuatiwa na mwaka, mwezi na siku ya mkutano, ili kwenye folda yajipange yenyewe kwa mfuatano. Nikaweka nakala moja kwenye flashi ya chama, moja nikaituma kwenye barua pepe ya mhasibu, nikaprinti mbili za kusaini. Jumla shilingi elfu sita. Akaniachia na kilo ya kahawa.